Kutoka Mkulumuzi hadi Shume, nikiyafuata maua ya Saintpaulia

Nimerudi Dar, picha zimeshahamia kwenye kompyuta, na daftari lililolowa Amani limekauka kiasi cha kusomeka. Naiandika safari hii siku kwa siku, na nauli zake na matope yake, kwa sababu nilipokuwa najiandaa nilikuta maelezo chungu nzima ya kuyapanda maua haya kwenye chungu dirishani, lakini machache mno ya namna ya kufika yanakoota yenyewe.

Kwa asiyeyajua, Saintpaulia ni mimea midogo yenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Ulaya na Marekani huuzwa kwa mamilioni kila mwaka. Asili yake ni Tanzania na kipande kidogo cha Kenya, basi. Porini hukaa kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, katika misitu ya milima ya Tao la Mashariki na ya pwani iliyo karibu nayo. Nilitaka kuyaona huko, na nilitaka pia kuelewa jambo lililonisumbua muda mrefu: inakuwaje mmea uliokuwa ukihesabiwa spishi 20 sasa uhesabiwe chini ya nusu ya hapo, na hesabu hiyo inaufanyia nini ulinzi wake.

JUMAMOSI: Dar hadi Tanga

Basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka Stendi ya Magufuli, nauli 20,000. Liliondoka karibu saa mbili. Njiani hakuna cha kusimulia mpaka Segera, ambapo tulisimama robo saa na nikanunua mahindi ya kuchoma na chungwa lililokwisha kumenywa. Tulishuka Kange saa tisa kasoro. Bodaboda hadi mjini 3,000, gesti karibu na Barabara ya Ishirini 30,000 pamoja na chai ya asubuhi. Jioni nilikula samaki wa kukaanga na ugali kwa mama lishe mmoja aliyenionea huruma kwa viatu nilivyovaa. "Huko Amani unakokwenda, mwanangu, hivyo vitakuangusha." Akanielekeza duka la mabuti ya mpira. Nilinunua kwa 15,000, na kwa wiki nzima iliyofuata sikuvaa kiatu kingine.

JUMAPILI: Mkulumuzi

Watu wengi wakifikiria Saintpaulia hufikiria milima, lakini hadithi yake ya kisayansi imeanzia hapa chini, mwendo mfupi kutoka baharini. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta maua haya na kumpelekea baba yake Ujerumani. Baba akayafikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen huko Hannover, na mwaka 1893 Wendland akayatangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sampuli zilikuwa zimeshafika bustani ya mimea ya Kew, London, miaka kadhaa kabla, kupitia kwa Sir John Kirk, ila hazikutosha mtu kuzielezea kikamilifu. Ndiyo maana jina limebaki la baron. Katika maelezo yake mwenyewe alitaja mahali pawili: penye mawe ya chokaa katika msitu ulio karibu na Tanga, na pengine juu Usambara.

Nilichukua bodaboda hadi upande wa Mapango ya Amboni, 15,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Ukishalipa kiingilio chukua mwongozaji wa pale, na umwambie mapema kwamba unataka bonde la mto, maana wageni karibu wote huingia pangoni na kuondoka. Bonde la Mkulumuzi limechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasi. Ukuta wake sehemu nyingine umesimama wima, na mizizi ya miti ya juu inaning'inia hadi usawa wa kichwa.

Tulitembea karibu saa nzima bila kuona kitu. Mzee mmoja tuliyemkuta akikata kuni alituuliza tunatafuta nini. Tulimwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Haya yalikuwa mpaka kule kwenye mawe meupe. Siku hizi yako nyuma, kwenye giza." Akaweka shoka chini na kutuongoza mwenyewe.

Nyuma palikuwa na ukuta unaotazama kusini, haufikii upana wa chumba cha kulala. Juu yake mti mmoja mkubwa umetandaza matawi, na jiwe lote lilikuwa na ubaridi wa mtungi wa maji. Ndipo yalipokuwa. Nilihesabu mashina 31. Mengi hayakuwa na ua, majani tu yaliyojipanga duara na kulala bapa juu ya jiwe, kila jani na shina lake nene lenye maji. Mawili yalikuwa yamechanua. Mita chache pembeni, pale mti ulipokatwa zamani, jiwe ni lile lile na ukuta ni ule ule, lakini ni jeupe, kavu, halina hata kuvumwani.

Mzee alikataa pesa. Alikubali soda tuliporudi barabarani.

Ushauri kwa atakayekuja: usiulize "maua" tu, onyesha picha ya majani. Wenyeji wengi wanayajua majani kwa sababu ndiyo yanayoonekana mwaka mzima.

JUMATATU: Muheza, Zigi, Amani

Daladala Tanga hadi Muheza 2,500. Magari ya Amani huondoka Muheza mchana, kati ya saa sita na saa nane, likijaa ndipo linaondoka, na kurudi huteremka alfajiri. Kwa hiyo usihangaike kufika Muheza saa mbili asubuhi kama mimi. Nilikaa chini ya mwembe nikala machungwa, ambayo Muheza ni ya kumwaga, na nikanunua mchele na dagaa kwa sababu niliambiwa juu bei ni kubwa. Nauli ya kupanda 6,000.

Mpaka Kisiwani barabara inavumilika. Baada ya hapo ilikuwa imenyesha. Lori la mbao lilikuwa limekwama kwenye kona, likaziba njia yote, na nyuma yetu yakajipanga magari mengine mawili na pikipiki zaidi ya kumi. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Hakuna aliyegomba. Wanaume walishuka na majembe, watoto wa kijijini wakaja na mawe ya kuweka chini ya magurudumu, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akafungua kapu lake, akagawa mihogo ya kuchemsha kwa safu nzima kama vile tulikuwa wageni nyumbani kwake. Alipojua nakwenda kuona Saintpaulia alicheka kwa furaha. Mume wake marehemu, alisema, aliwahi kubeba mizigo ya watafiti waliokuja na vipimo vya mwanga. "Walikuwa wanakaa mbele ya jiwe moja kutwa nzima. Sisi tukidhani wanasali."

Tulipita Zigi giza limeingia. Pale ndipo lango la hifadhi lilipo, kwenye jengo la iliyokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani. Mlinzi aliandika majina yetu kwa tochi akaturuhusu tumalizie malipo kesho yake. Malipo ya hifadhi hayapokelewi taslimu: unapewa namba ya malipo ya serikali na kulipa kwa simu, na mtandao juu ni wa kubahatisha. Weka pesa kwenye simu ungali Muheza. Kitanda kwenye nyumba ya wageni Amani, 25,000, na chakula unaagiza asubuhi ndipo ukute jioni.

JUMANNE: jabali la kwanza

Amani ipo kwenye kimo cha mita 900 na zaidi. Wajerumani walifungua hapa taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na baadhi ya miti hiyo bado inasumbua: Maesopsis eminii, ambao si wa Usambara, umeingia ndani ya msitu wa asili na kujaza kila pengo lililoachwa na ukataji wa mbao. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini.

Mwongozaji wangu amekulia kijiji cha jirani na anaujua msitu kwa majina ya Kishambaa kwanza, ya Kilatini baadaye. Gharama yake kwa siku ilikuwa 30,000, na ningelipa mara mbili. Tulishuka bondeni tukipita kati ya miti ya mtambara na msambu. Msambu huuzwa mbegu zake kwa ajili ya mafuta, akaniambia, na shambani mwake mwenyewe ameiacha yote.  

Jabali lilikuwa kando ya kijito, jiwe la kijivu lenye mistari, refu kupita nyumba. Na uso wake wote, kuanzia usawa wa goti hadi nisipoweza kufika, ulikuwa Saintpaulia. Nilikaa chini. Sikujua zipo hivi bado.

Nilisogea hadi uso wangu ukawa karibu kuligusa jiwe, nikatumia kioo cha kukuzia. Mizizi imejishikiza kwenye tandiko la kuvumwani jembamba kama blanketi lililochakaa, chini yake ni jiwe tupu. Jani lina nywele za aina mbili, ndefu zilizosimama na fupi zilizobanana chini yake, na tone la maji lilikuwa limekaa juu ya zile ndefu bila kuligusa jani lenyewe. Ua lina petali tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini. Katikati kuna vifuko viwili vya chavua, vya njano iliyokolea, vilivyoungana kwenye ncha. Kijiti cha kike kinachopokea chavua hakisimami katikati, kinapinda pembeni. Mwongozaji akanionyesha maua mawili yaliyokaribiana, moja limepinda kushoto, jingine kulia. Nyuki wa mwituni akaja tukiwa pale, akakumbatia vifuko vile, akatetemesha mwili mzima kwa mlio mkali, na vumbi la njano likamwagika tumboni mwake. Maua haya hayana asali ya kumpa. Anakuja kwa chavua, na chavua haitoki bila mtetemo ule.

"Piga tunda," mwongozaji akasema nilipokuwa nimeelekeza kamera kwenye ua kwa mara ya ishirini. "Wenzako wote wanarudi na maua. Wataalamu wanauliza tunda." Tunda ni ganda jembamba la kijani. La hapa ni refu, na shina la mmea linatambaa juu ya jiwe badala ya kukaa mahali pamoja. Hii ni aina ya Saintpaulia iitwayo grotei.

Jioni: wali, maharage ya nazi, chai ya iliki iliyovunwa nyuma ya nyumba.

JUMATANO: jabali la pili

Asubuhi tulitoka nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye mashamba. Mwongozaji alisita kidogo kabla ya kunipeleka, akaomba nisiandike ni kijiji gani. Sitaandika.

Jiwe lilikuwa la aina ile ile. Alipokuwa kijana, alisema, lilikuwa limejaa kama lile la jana. Juu yake sasa kuna migomba na mahindi, na miti mikubwa miwili iliyobaki imesimama upande usio na faida kwa jiwe. Jua la saa nne lilikuwa limelipiga moja kwa moja. Tulikuta Saintpaulia saba, zote ndani ya ufa mmoja. Majani yalikuwa yamejikunja kwa ndani, manjano pembeni, mengine yamebaki vishina. Kuvumwani kilikuwa kimenyauka, na nilipokigusa kilibanduka na udongo wake wote. Hakuna aliyekuja kung'oa maua haya, wala aliyeyalima. Mtu amekata mti juu yake ili mahindi yapate jua, ana watoto wa kulisha, na maua yamekufa kwa kukosa kivuli.

Mwenye shamba alitukuta pale. Alitukaribisha kwake, mke wake akatuletea viazi vitamu na chai ya rangi. Alijua vizuri tunachoangalia. Alisema angeweza kuacha miti kama kuna iliki ya kuuza chini yake, kwa kuwa iliki inataka kivuli, lakini bei ya iliki hupanda na kushuka na mahindi yanaliwa kila siku. Sina jibu la kumpa mtu kama huyu, na sikujaribu.

Sasa nirudi kwenye lile suala la hesabu, kwa sababu ni mbele ya jiwe hili ndipo lilipoacha kuwa jambo la vitabuni kwangu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 aliyezipanga Saintpaulia alikuwa B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh. Alitazama nywele za majani, umbo la tunda, kama shina linatambaa au la, na kuanzia miaka ya 1940 hadi 1960 akaeleza spishi moja baada ya nyingine: confusa, difficilis, tongwensis ya Mlima Tongwe hapa Muheza, na nyingine. Idadi ikafika 20. Tatizo ni kwamba nyingi zilielezewa kutokana na mimea michache iliyokuzwa kwenye nyumba za vioo kule Uingereza, pengine kutoka jiwe moja tu. Watu walipozunguka zaidi msituni walikuta mimea ya katikati, yenye nywele za hii na tunda la ile. Uchunguzi wa vinasaba nao ukaonyesha kwamba zile za Usambara zimetengana juzi juzi tu kwa kipimo cha mageuzi, wakati za Uluguru na ile ya Taita zinasimama mbali nazo.

Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew akazipanga upya: spishi sita tu. Karibu zote za Usambara na pwani zikawekwa ndani ya ionantha kama nususpishi, yaani vikundi ndani ya spishi moja. Confusa, difficilis na magungensis zote zikawa grotei. Na kazi ya vinasaba iliyokuwa imeanza kuonyesha tangu 1997 kwamba Saintpaulia ni tawi tu la Streptocarpus, jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi za jamaa), ikamalizikia mwaka 2015, jenasi ya Saintpaulia ilipofutwa na kuingizwa humo. Kwenye orodha za sasa ua hili ni Streptocarpus ionanthus. Huku mlimani kila mtu bado anasema Saintpaulia, nami naendelea hivyo.

Naamini mpangilio mpya ni sahihi. Nimeiona mimea ya katikati kwa macho yangu kwenye jabali la Jumanne. Lakini tazama kinachotokea kwenye hesabu ya hatari. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, hupima kwa vigezo vya wazi. Kwa mfano, mmea ambao eneo zima la mtawanyiko wake ni chini ya kilomita za mraba 100 unaweza kuingia kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, chini ya 5,000 hatarini kutoweka, chini ya 20,000 kundi linalofuata, mradi pia makazi yake yawe machache au yamekatika vipande na yanaendelea kuharibika. Ile ya Taita, teitensis, yenye makazi kwenye msitu wa Mbololo upande wa Kenya, imeangukia kundi la juu kabisa la hatari. Ionantha, kwa kuwa sasa inaanzia pwani ya Kenya kupita Usambara hadi Nguru, eneo lake linakuwa kubwa, nayo ikapewa daraja la karibu na hatari tu.

Karibu na hatari. Niliyasema maneno hayo kwa sauti mbele ya ule ufa wenye mimea saba, mwongozaji akanitazama. Ukilichora eneo kwenye ramani, ndani yake kuna mashamba, miji, chai, mkonge, barabara kuu na reli. Mmea wenyewe unaishi juu ya mawe ambayo ukiyapanga pamoja huenda yasijaze kitongoji. Zamani jiwe kama hili likifa palikuwa na uwezekano wa kusema spishi imetoweka, na neno hilo hufungua mifuko ya fedha. Siku hizi jiwe likifa tunasema nususpishi imepungukiwa na makazi mamoja kati ya kadhaa, na hakuna anayeandika barua.

Si lazima iwe hivyo. Kanuni za IUCN zinaruhusu nususpishi kupimwa peke yake, ilimradi spishi yenyewe imepimwa, na hata kundi moja lililojitenga linaweza kupimwa. Kinachotakiwa ni watu wa kuhesabu mawe, mwaka hadi mwaka, kwa namna ile ile. Mwongozaji wangu anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mgeni yeyote. Anajua majabali yasiyo kwenye ramani ya mtu. Anachokosa ni kulipwa kwa siku ambazo hana mgeni.

ALHAMISI

Mvua kutwa. Nilikaa ndani nikapanga picha, na jioni nikalipa deni la kiingilio baada ya kuupata mtandao nikiwa nimesimama juu ya ukuta wa bustani.

IJUMAA: kushuka, kisha Lushoto

Gari la alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Kutoka Muheza nilipanda basi la Tanga kwenda Lushoto nikalipa 10,000. Lilijaa, nikasimama hadi Korogwe ambapo kijana mmoja alinipisha kwa sababu ya begi la kamera. Mombo tulikula chipsi mayai haraka. Kilomita 33 za kupanda kutoka Mombo ni za kona tupu, na kama tumbo lako ni jepesi kaa mbele. Lushoto usiku kuna baridi ya kweli. Gesti 25,000, mablanketi mawili, na waliniongezea la tatu bila kuombwa.

JUMAMOSI: Shume

Nilitaka kumalizia na shumensis, Saintpaulia ya Shume, kwa sababu hiyo haikumezwa na mpangilio wa 2006. Imebaki spishi kamili. Bodaboda kwenda na kurudi 30,000, barabara inapita msitu wa Magamba kisha mashamba makubwa ya miti ya kupandwa. Unaweza kusafiri muda mrefu ndani ya misonobari na kudhani uko msituni. Uko shambani. Chini ya misonobari ile hakuna kuvumwani wala kijito chenye kivuli kizito. Nilisimama mara mbili kukagua mawe yaliyokuwa kando ya njia na hayakuwa na kitu.

Afisa misitu niliyemkuta, dada mchangamfu anayeipenda kazi yake kwa dhati, aliacha alichokuwa anafanya akatupeleka kwenye kipande cha msitu wa asili kilichobaki kwenye korongo. Shumensis ni ndogo. Ile niliyoiona mwanzo ingeenea ndani ya kiganja changu na nafasi ikabaki. Majani ni mazito, ya kijani kilichofifia kuelekea kahawia, yana nywele ndefu zilizosimama, na ua moja lilikuwa jeupe-zambarau lenye katikati iliyokolea. Ilikuwa imejibana kwenye pango dogo la jiwe ambako hata mkono hauingii vizuri. Nilimwuliza kama watu wanakuja kuiba. Alisema hilo halimkoseshi usingizi. Moto wa kiangazi ndio anaouogopa, ukitoka mashambani ukapanda korongo.

Ana daftari lake mwenyewe, la shule, ambamo ameandika kila jiwe analolijua, idadi ya mashina na tarehe aliyopita. Hakuagizwa na mtu. Nilimwomba ruhusa nikapiga picha kurasa zake nne, na nimempa nakala za picha zangu zote za Shume.

Kwa atakayekwenda: miezi baada ya vuli au baada ya masika ndiyo mizuri, maana ua na tunda hupatikana pamoja. Usitoe jani hata moja. Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuchukua mimea hifadhini bila kibali, na mimea iliyozaliwa kwenye vyungu inauzwa mijini kwa bei ndogo. Piga picha ya jani juu na chini, nywele zionekane, piga tunda, piga shina kama linatambaa, kisha simama mbali upige jiwe zima pamoja na miti iliyo juu yake. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, na ndiyo itakayomwonyesha atakayekuja baada ya miaka kumi kama kivuli kilikuwepo. Zima utambuzi wa mahali kwenye simu kabla ya kuweka picha hadharani, na viwianishi mpe mhifadhi wa hifadhi husika moja kwa moja. Vyangu vya Amani na vya Mkulumuzi nimeshavikabidhi. Vya Shume anavyo dada wa daftari.